Mteja asiyeona anasema tovuti haina pa kutafutia, mimi kisanduku nakiona. Nani anakosea?

#1 Seremala wa Wavuti
Wakuu, heshima kwenu.

Nimemjengea mfanyabiashara mmoja wa vitabu tovuti ya duka lake. Juu kulia kuna lenzi, ile alama ya kutafutia. Ukiigusa, kisanduku kinateleza kinafunguka, unaandika, matokeo yanashuka chini yake bila ukurasa kujipakia upya. Kwenye simu yangu na kwenye laptop ya mwenye duka, kila kitu safi.

Wiki iliyopita mteja wake mmoja asiyeona kapiga simu dukani: "Tovuti yenu haina pa kutafutia." Mwenye duka akanigeukia mimi, na hakuwa mpole. Nikafungua tovuti: lenzi ipo, kisanduku kipo. Nikamjibu labda simu ya mteja ni ya zamani. Ameridhika, ila mimi nafsi inanisuta.

Kipande chenyewe hiki hapa:

`<div class="lenzi" onclick="fungua()"></div>`
`<input class="kisanduku" placeholder="Tafuta kitabu...">`

Kosa langu au la hicho kisoma skrini chake, ile programu inayomsomea skrini kwa sauti? Nawasilisha.

#2 Kahawa Tungu
Ngoja waje wajuzi. Nimeshavuta kiti.

#3 Binti Chumbageni
Kesi imeisha mapema, mkuu. Lenzi yako ni `div`, boksi tupu la HTML. Kwa kisoma skrini hiyo haina jina, haina kazi, na Tab haisimami hapo. Mteja kapita juu yake kama anayepita juu ya sakafu. Weka `button` ya kweli, ndani yake andika "Tafuta" hata kama utalificha neno lenyewe machoni kwa CSS. Enter na Space zitaitika zenyewe bila wewe kuongeza JavaScript.

Na kisanduku hakina lebo. Hayo maandishi ya kijivu ya ndani, kisoma skrini hakiyasomi kabisa.

#4 Pwani Kodi
Dada #3, mwanzo wote nakuunga mkono, mstari wa mwisho la. Kivinjari kikikosa `label`, kikakosa `aria-label`, kikakosa `title`, mwisho kinaokota `placeholder`, hayo maandishi ya kijivu, na kuifanya jina la kisanduku. Kwa hiyo mara nyingi husomwa. Ubaya wake uko kwingine: ukianza kuandika yanatoweka, na mtu mwenye kusahau haraka au aliyekatizwa na simu akirudi hajui tena kisanduku kilimuuliza nini. Hata kanuni ya HTML yenyewe inasema `placeholder` isitumike badala ya lebo.

Mtoa mada, hiyo kijivu umeiweka rangi gani?

#5 Seremala wa Wavuti
#ccc juu ya nyeupe. Mbunifu alisema inatulia machoni.

#6 Kahawa Tungu
Imetulia mpaka haionekani.

#7 Pwani Kodi
#ccc juu ya nyeupe inatoa tofauti ya mwanga ya 1.6 kwa 1. WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inataka maandishi ya kawaida yafike 4.5 kwa 1. Hata #999 ambayo watu wanaiona imekolea inaishia 2.85. Huyo mbunifu wako anaandika kwa maziwa. Mama yangu hatumii TalkBack, kisoma skrini cha Android, wala nini, ana miwani tu, na hapo asingeona neno lolote saa sita mchana nje.

#8 Binti Chumbageni
#4 nimekubali kurekebishwa. Lakini `label` inabaki palepale, tusimpe mtoa mada kichochoro cha kutorokea 😀

#9 Sauti Kasi
Habari za jioni. Naona mnatujadili, basi niingie. Mimi si huyo mteja ila ni wa kundi lake. Sioni tangu darasa la tatu. Kwenye kompyuta natumia NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzia Australia mwaka 2006, na aliyekianzisha mwenyewe haoni. Kwenye simu TalkBack.

Nikiingia tovuti nisiyoijua sishuki mstari kwa mstari kama nasoma gazeti. Nabonyeza E, inanirusha kwenye kisanduku cha kuandikia. Nikikosa nabonyeza D, niruke kwenye maeneo makuu ya ukurasa. Nikikosa tena nabonyeza B, vitufe. Vyote vitatu vikigoma, kwangu mimi hapo hapana pa kutafutia, na nitasema hivyohivyo alivyosema mwenzangu. Kwa kawaida sipigi simu. Naenda duka jingine. Huyo aliyewapigia mshukuruni.

Kwenye simu iko hivi. Jana nilikuwa tovuti moja, si ya mtoa mada. Nagusa juu kulia: kimya. Kimya kama umegusa meza. Nasogeza kidole kidogo kushoto: "kikapu, kitufe". Narudi kulia: kimya. Nikajua hapo pana kitu, maana wenye macho hawaachi nafasi kubwa hivyo bure. Nikagonga mara mbili kwa kubahatisha, kitu kikafunguka, hakuna aliyeniambia kimefunguka nini. Ndiyo hiyo mnaita lenzi.

Nadhani kisanduku cha mtoa mada kimefichwa kwa `display:none` mpaka lenzi iguswe. Kilichofichwa hivyo E haikioni. Lenzi haisemi, kisanduku hakipo. Mteja yuko sahihi neno kwa neno.

#10 Kahawa Tungu
Hapo kwenye meza umenimaliza.

#11 Seremala wa Wavuti
Asante sana kaka Sauti Kasi. Ila sikutumia `display:none`, maana isingeteleza. Nimetumia `width:0`, yaani upana sifuri, na `opacity:0`, yaani kisionekane.

#12 Pwani Kodi
Basi nadharia ya #9 imeingia doa. Kwa `opacity:0` kisanduku kinabaki kwenye mti wa vipengele vya ukurasa unaosomwa na kisoma skrini. E ya NVDA ingekifikia. Na mwenye macho anayetumia Tab naye angezama ndani ya kisanduku asichokiona, fokasi, yaani alama ya mahali alipo, inapotea anajiuliza imeenda wapi. Hilo nalo ni kosa, lakini ni kinyume cha alichosema mteja. Mteja alikuwa kwenye kompyuta au simu?

#13 Seremala wa Wavuti
Simu. Android. Hilo nimeuliza leo asubuhi.

#14 Pwani Kodi
Basi nahisi upana wa sifuri ndio mchawi. Kwenye simu watu wanapapasa kwa kidole. Kitu chenye upana sifuri utakipapasa wapi?

#15 Sauti Kasi
Wengi tunatelezesha kulia kushoto, kipengele baada ya kipengele. Hatupapasi muda wote. Kwa hiyo hilo pia nusu nusu.

#16 Mlango wa Nyuma
Mmeangalia `lang`, ile inayotaja lugha ya ukurasa? Mtoa mada, juu kabisa ya ukurasa wako kwenye `html` pameandikwa nini?

#17 Seremala wa Wavuti
`lang="en"`. Ilikuja na kiolezo.

#18 Mlango wa Nyuma
Nilijua! Tovuti nyingi za Kiswahili ziko hivyo. Ukiandika `en`, kisoma skrini kinachukua sauti ya Kiingereza na kuisomea Kiswahili chako. Inawezekana huyo mteja alifika kwenye kisanduku kabisa, akasikia kitu kama "tefyuta kitebyu" akadhani ni tangazo. Andika `lang="sw"`. eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja na NVDA, ina Kiswahili. Haina utamu wa mtangazaji wa redio, lakini "tafuta" inabaki "tafuta".

#19 Sauti Kasi
#18 hili ni kweli tupu. Nina rafiki ambaye kwa mwaka mzima alidhani benki yake ina huduma inaitwa "hemisha". Ilikuwa "hamisha".

Ila tuseme ukweli, tumeshazoea kuvunja hiyo lafudhi kichwani. Mtu aliyezoea angeitambua "tafuta" hata ikisomwa na Mjerumani.

#20 Ukuta wa Berlin
Mjerumani gani tena 😂 Nipo huku Berlin, nafanya kazi hizihizi. Kwetu utani umeisha tangu tarehe 28 Juni 2025, sheria ya Ulaya ya ufikivu ilipoanza kufanya kazi. Maduka ya mtandaoni yamo, isipokuwa watoa huduma wadogo kabisa. Huko nyumbani sheria inasemaje?

#21 Binti Chumbageni
Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia 2009. Ibara ya 9 ya mkataba inataja hadi teknolojia ya habari.

#22 Pwani Kodi
Kenya iko kwenye Katiba yenyewe ya 2010, ibara ya 54: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia maeneo, usafiri na habari. Habari, si ngazi na milango tu.

#23 Kahawa Tungu
Sheria zote hizo na lenzi bado ni `div`. Turudini kwa fundi.

#24 Mzee wa Modemu
Vijana mnahangaika na mlango, ndani hamjaingia. Matokeo yanashuka chini ya kisanduku bila ukurasa kujipakia, sivyo? Basi hata mteja akifika kwenye kisanduku, akaandika, atasikia nini? Hatasikia kitu. Ataandika "Biolojia kidato cha pili", atabonyeza, kimya. Atafuta, ataandika tena, kimya. Mwisho atasema nini? "Hapa hapatafutiki." Mwenye duka naye akusimulie wewe kwa maneno yake: "anasema hakuna pa kutafutia". Mmeshawahi kumuuliza mteja mwenyewe, au mnafanyia kazi habari ya mkono wa tatu?

#25 Kahawa Tungu
Shikamoo mzee.

#26 Mzee wa Modemu
Marahaba. Sasa hayo mapendekezo yanayoshuka yana historia yake. Yanaitwa komboboksi, kisanduku chenye orodha yake. ARIA, kanuni za kuvieleza vipengele kwa visoma skrini, toleo la 1.0 la mwaka 2014, ilisema `role="combobox"` ikae kwenye `input`. Ikaja 1.1 mwaka 2017 ikasema hapana, ihamie kwenye boksi linaloizunguka `input`. Watu wakahamisha, visoma skrini vikachanganyikiwa. Ikaja 1.2 mwaka 2023 ikairudisha kwenye `input`. Kwa hiyo ukinakili mfano kutoka kwenye blogu bila kuangalia ni wa mwaka gani, unaweza kuwa umebeba ule wa katikati uliokufa.

Ukiuweka sawa unahitaji `aria-expanded` iseme orodha imefunguka au imefungwa, `aria-controls` ielekeze orodha, mishale ya juu na chini itembee, `aria-activedescendant` itaje chaguo lililoguswa huku fokasi ikibaki kwenye kisanduku, na Escape ifunge. Ukikosea kimoja umeharibu kuliko ungeacha `input` tupu.

#27 Mlango wa Nyuma
Mzee, `datalist`, ile orodha ya mapendekezo ya kivinjari chenyewe, je? Iko ndani ya HTML, hamna cha kuunda.

#28 Mzee wa Modemu
Nimeitumia. Mtu mwenye uoni hafifu akikuza ukurasa, kwenye vivinjari vingine orodha ya `datalist` inabaki na herufi zilezile ndogo, na CSS huwezi kuigusa. Unamsaidia mmoja unamwacha mwingine.

#29 Shoka la Kusini
Mimi nauliza swali la kijinga. Duka lina vitabu vingapi?

#30 Seremala wa Wavuti
Kama 600.

#31 Shoka la Kusini
Mia sita! Na umefunga komboboksi, mtelezo, na matokeo ya papo kwa papo? Weka `form` ya kawaida, `method="get"`, lebo inayoonekana, kisanduku kinachoonekana muda wote, kitufe kimeandikwa "Tafuta". Mtu anabonyeza, ukurasa mpya unafunguka, kichwa chake kinasema "Matokeo ya: biolojia". Kisoma skrini kinausoma ukurasa mpya chenyewe, kitufe cha kurudi nyuma kinafanya kazi, mtandao ukiyumba bado inapita. Bando la mteja nalo linapona. Mnaua sisimizi kwa nyundo halafu mnauliza kwa nini meza imepasuka.

#32 Pwani Kodi
Shoka umekuja na shoka kweli. Ila mteja wake mwingine akizoea mapendekezo hatakubali arudishwe nyuma. Yanasaidia pia watu wenye shida ya tahajia. Binamu yangu ana disleksia, bila mapendekezo hanunui kitu mtandaoni.

#33 Shoka la Kusini
Basi afanye fomu kwanza, mapendekezo ayapandishe juu yake. JavaScript ikifa, fomu inabaki.

#34 Mama Vitabu
Nawasoma kimya kimya tangu mwanzo, mimi ni mkutubi si fundi. Kwangu shida ni nyingine. Ukiandika "kitabu" mashine haileti "vitabu". Ukiandika "mtoto" haileti "watoto". Huyo mteja huenda alitafuta vizuri tu, akaletewa sifuri.

#35 Mlango wa Nyuma
Mama, wengine huwa wanakata kiambishi. Nilijaribu mwaka jana, nikaiambia seva ikate ki- na vi-.

#36 Mama Vitabu
Kitabu ukikata ki- kinabaki nini?

#37 Mlango wa Nyuma
...tabu.

#38 Kahawa Tungu
Mteja kaomba vitabu, kaletewa tabu. Uzi wa mwaka huu 🤣🤣

#39 Sauti Kasi
Mmecheka, sasa nirudi kwa Mzee #24, maana kanigusa. Ule ukimya baada ya kuandika ndio unaoniudhi kuliko lenzi. Lenzi nitabahatisha. Ukimya siwezi kuubahatisha. Nimeandika, je, inatafuta? Imekwama? Haina? Mtandao umekata? Kwa macho mnaona kile kiduara kinazunguka. Mimi nina hewa.

Halafu kuna wale wanaosikia ushauri huu wakaupindua: kila herufi ninayoandika wanatangaza. B, "matokeo 212". I, "matokeo 96". O, "matokeo 31". Siwezi kusikia hata ninachoandika mwenyewe.

#40 Binti Chumbageni
Dawa yake: kipengele cha matangazo chenye `role="status"`, kiwe ukurasani tangu mwanzo kikiwa kitupu. Ukikizalisha pamoja na maneno yake kwa mpigo mmoja, visoma skrini vingi vinakikosa. Kisha subiri mtu anyamaze kidogo, nusu sekunde au sekunde nzima, ndipo uandike ndani. WCAG inalidai hili kwenye kipengele 4.1.3.

Na sentensi iandikeni Kiswahili. Nimeona "Matokeo 1 yamepatikana". Kwa duka la vitabu: "Kitabu 1 kimepatikana", "Vitabu 12 vimepatikana", "Hakuna kitabu kilichopatikana". `Intl.PluralRules` ya JavaScript inaijua `sw`, inatenganisha moja na wingi.

#41 Ukuta wa Berlin
Nyongeza mbili za haraka. Herufi ndani ya kisanduku zisiwe chini ya 16px, iPhone inakuza ukurasa ghafla mtu akigusa. Na kuna kipengele kipya cha HTML tangu 2023, `search`, unakizungushia fomu, ile D ya Sauti Kasi inakifikia. Hakitafuti chenyewe lakini, ni uzio tu.

#42 Mlango wa Nyuma
Mimi bado nasema ni `lang`.

#43 Pwani Kodi
Na mimi upana sifuri.

#44 Mzee wa Modemu
Na mimi mpigieni mteja.

#45 Seremala wa Wavuti
Wakuu, mrejesho. Nimempigia mteja. Mama mmoja mpole, mwalimu mstaafu. Nikamwomba anisimulie alichofanya. Anasema alifika mahali pakasomwa "kitabu" kwa sauti ya kizungu, akagonga, kibodi ikapanda, akaandika, pakawa kimya, akaona bora apige simu. Kisha akaongeza kwamba siku nyingine alijaribu akakikosa kabisa hicho kisanduku. Kwa hiyo sijui nimpe nani ushindi.

Nimebadilisha hivi: lenzi nimeitupa, kisanduku kinakaa wazi muda wote, lebo "Tafuta kitabu" inaonekana juu yake, fomu ya kawaida kama alivyosema Shoka, `lang="sw"`, kijivu nimekikoleza, tangazo la idadi nimelichelewesha. Mapendekezo nimeyaondoa kwanza, nisamehe Pwani. Mbunifu hanisemeshi.

Kaka Sauti Kasi, nimekutumia anwani faraghani. Ukipata nafasi nipitishie sikio.

#46 Kahawa Tungu
Mbunifu mwachie muda.

#47 Shoka la Kusini
Bila mapendekezo. Safi.

#48 Pwani Kodi
Binamu yangu anakusalimu.

#49 Sauti Kasi
Nimepitia, NVDA na simu. E imenipeleka moja kwa moja: "Tafuta kitabu". Kwa Kiswahili. Nikaandika "ushairi", nikatulia: "Vitabu 4 vimepatikana". Nimenunua kimoja, kwa hiyo mwambie mwenye duka gharama ya simu ya yule mama imerudi.

Ila nikiwa nimeshaandika neno, kulia kwa kisanduku pana kitufe kipya kinajitokeza. Kwenye simu kinasoma: "kitufe". Basi. Nikakibonyeza nijue ni nini, maneno yangu yote yakafutika.

#50 Seremala wa Wavuti
Hiyo ni ile alama ya x. Nimeiongeza jana usiku baada ya kutupa lenzi, nikaona pamebaki peupe. Narudi.